Jinsi ya kuifanya picha ya simu itoke kama ya kamera ya mkanda: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Picha ninazotumiwa na watu wakiuliza "mbona yangu haitoki kama ya mkanda" zinafanana karibu zote. Weusi umegeuka kijivu, ngozi imekuwa ya njano, chengachenga (vile vidoti vidogo vya mkanda) zimemwagwa picha nzima mpaka macho hayaonekani, na juu yake mtu kaweka mikwaruzo na vumbi la bandia. Ukiangalia unasema tu hii ni picha ya simu iliyoharibiwa.

Shida sio programu wala sio simu, ni mpangilio. Wengi mnaanza na chenga na mikwaruzo alafu mnamalizia na filta, wakati mkanda unatambulika kwanza kwa namna unavyobeba mwanga, kisha rangi, na chenga zinakuja mwisho kabisa. Fuata hatua kwa namba zake, usiruke, kwasababu kila moja inategemea ile ya nyuma.

## Unavyohitaji

- Simu yoyote yenye kamera inayoeleweka. Kama inaweza kupiga picha ghafi (zile faili za DNG) ni bora zaidi ila sio lazima.
- Lightroom ya simu, ile ya bure inatosha. Namba zote nitakazotaja hapa ni za humo.
- Snapseed, nayo ya bure, tutaitumia sehemu moja tu, kuunganisha picha mbili.
- Photopea, inafunguka kwenye brauza bila kusakinisha kitu, hii ni kwa picha za usiku tu. Kwenye kompyuta ni rahisi zaidi, kwenye simu inawezekana ila vidole vitakusumbua.
- Picha mbili tatu halisi za mkanda. Fungua albamu ya nyumbani, zile za harusi za miaka ya 90 zilizosafishwa studio, uziweke pembeni wakati unafanya kazi. Hiki ndicho kitu wengi hawana, mtu anaiga kitu ambacho hajakitazama.

## Kwanza amua unaiga mkanda gani

"Vinteji", yaani mwonekano wa zamani, peke yake sio kitu kimoja. Kodak Gold 200 inaelekea njano na joto, inapenda jua. Portra 400 ni laini, ngozi inatoka vizuri na kontrasti (tofauti ya giza na mwanga) sio kali. Fujifilm Superia inajulikana kwa kijani chake. Tri-X 400 ni nyeusi na nyeupe yenye chenga zinazoonekana kabisa. CineStill 800T ni ya usiku na taa za bulbu, na ndiyo yenye ule mng'ao mwekundu kuzunguka taa.

Chagua mmoja. Ukichanganya njano ya Gold na mng'ao wa 800T kwenye picha moja ya mchana, mtu anayejua anacheka. Hapa nitaenda na Gold 200 kama mfano mkuu, sababu ndio unafanana na picha nyingi za kwenye albamu zetu, alafu kwenye usiku na nyeusi-na-nyeupe nitasimama kidogo.

## Hatua ya 1: Piga ukijua utakachokuja kuifanyia

Zima hali ya urembo, zima filta za kamera, na kama simu yako inakubali zima HDR. HDR inavuta vivuli juu na kushusha anga mpaka kila kitu kinakuwa na mwanga sawa, na mkanda haufanyi hivyo hata siku moja.

Alafu gusa kwenye skrini sehemu yenye mwanga mkali zaidi, ile alama ya jua ikitokea ivute chini kidogo mpaka mawingu au shati jeupe vionyeshe alama zake. Picha itaonekana ya giza kidogo, iache hivyo hivyo. Sababu ni kwamba kamera ya dijitali ikishaunguza weupe hakuna kitu pale, hata uhariri mpaka asubuhi utapata kijivu tupu, wakati mkanda wa negativu wa rangi unavumilia mwanga mwingi na kuufifisha taratibu. Huo mfifio ndio tunauiga, sasa lazima kuwe na kitu cha kufifisha.

Kwa picha za jioni na za shereheni, washa flashi. Najua mmefundishwa flashi ni adui, ila zile kamera ndogo za mkanda ziliishi kwa flashi ya mbele moja kwa moja, sura inang'aa, nyuma kunazama gizani, na kivuli kikali kinabaki ukutani. Hiyo huwezi kuitengeneza baadaye.

Futa lenzi kwanza. Mafuta ya kidole yanaleta ukungu na ukungu wa mafuta sio ulaini wa mkanda.

Umefanikiwa kama: picha ni nyeusi kidogo kuliko ulivyozoea, lakini hakuna eneo lililobaki jeupe tupu isipokuwa jua lenyewe au taa.

## Hatua ya 2: Kata iwe tatu kwa mbili

Simu nyingi zinapiga nne kwa tatu. Mkanda wa 35mm una fremu ya milimita 36 kwa 24, yaani tatu kwa mbili, na ndio maana picha za kusafisha zilikuwa za inchi 6 kwa 4. Kabla hujagusa rangi yoyote, ingia kwenye kukata na uchague 3:2. Kitu kidogo ila jicho linakitambua hata kama mtu hajui kwanini.

Mraba nao unaruhusiwa, kuna kamera kubwa za mkanda zilizokuwa zinatoa mraba. Ile ndefu ya 9:16 acha kabisa.

## Hatua ya 3: Punguza ukali wa simu

Simu inanoa picha yenyewe kabla hujaiona. Kuza picha kwenye nywele au ukingo wa paa, utaona mstari mwembamba mweupe unafuata ukingo. Huo mstari peke yake unaua kazi yote, maana picha za mkanda kwa kawaida hazina kitu hicho.

Kwenye Lightroom nenda sehemu ya athari, vuta tekstcha (Texture) mpaka karibu -15 na klariti (Clarity) -8. Kwenye sehemu ya undani, unoaji ushushe mpaka 0. Usizidishe klariti chini ya -15, ngozi itaanza kuwa kama ya mdoli.

Waliopiga DNG hapa wana raha sababu ile faili haijanolewa, wao washushe tekstcha kidogo tu, -5 inatosha.

Umefanikiwa kama: ukikuza, ukingo ni laini ila kope bado unaweza kuzihesabu.

## Hatua ya 4: Mwanga kabla ya kurvu

Hapa ni haraka. Hailaiti (sehemu zenye mwanga mkali) shusha -40, shado (vivuli) pandisha +15, kontrasti -10, eksposha (mwanga wa picha nzima) pandisha mpaka sura ya mtu ikae sawa, kawaida kati ya +0.3 na +0.7 kama ulifuata hatua ya 1.

Picha sasa itakuwa imepoa, haina nguvu, unaweza ukafikiri umeiharibu. Ndio inavyotakiwa, nguvu tunairudisha kwa kurvu, ule mstari wa kupanga giza na mwanga.

## Hatua ya 5: Kurvu (hapa ndipo wengi mnapofia)

Fungua kurvu, utaona mstari mnyoofu wa mshazari juu ya visanduku. Kushoto chini ni weusi, kulia juu ni weupe.

Kila mafunzo ya mtandaoni yanakwambia nyanyua ncha ya kushoto ili weusi ufifie. Ni kweli, karatasi ya picha haina weusi wa kutisha kama skrini. Lakini wanaishia hapo, na mifano yao mara nyingi ni ya watu weupe. Ukinyanyua ncha hiyo tu na mtu wako ana ngozi nyeusi, mashavu, shingo, nywele, vyote vinapanda pamoja na weusi, na ngozi inapauka kama mtu aliyetoka kuoga bila kupaka mafuta. Alafu mtu analaumu filta.

Dawa yake ni nukta nne:

1. Ncha ya kushoto nyanyua robo ya kisanduku kimoja, basi. Sio nusu.
2. Ncha ya kulia shusha robo hiyo hiyo. Weupe wa karatasi nao haufiki mwisho.
3. Weka nukta kwenye mstari, karibu na mwisho wa kisanduku cha kwanza kutoka kushoto, na uivute chini mpaka iwe chini kidogo ya pale mstari mnyoofu ulipokuwa mwanzo. Hii ndiyo inarudisha uzito wa ngozi. Weusi wa mwisho kabisa umefifia lakini giza linalofuata limebaki na kina.
4. Weka nukta nyingine karibu na mwanzo wa kisanduku cha mwisho na uinyanyue kidogo sana, ili paji la uso na mashavu yang'ae.

Mstari wako sasa una umbo la S iliyolala, yenye ncha mbili zilizokatwa. Ukiona una mawimbi zaidi ya hapo futa uanze upya.

Kipimo changu ni hiki: tazama chini ya kidevu na pembeni ya pua. Sehemu hizo zinatakiwa ziwe za kahawia ya giza yenye joto. Zikiwa za kijivu, ile nukta ya tatu haijashuka vya kutosha au ncha ya kushoto imepanda mno.

Sasa chini ya kurvu kuna viduara vya rangi. Gusa bluu, nyanyua ncha ya kushoto kidogo mno na shusha ncha ya kulia kidogo mno. Vivuli vinapata ubaridi, weupe unaelekea njano. Hiyo ndiyo roho ya Gold. Ukizidisha, meno ya watu yatakuwa ya njano, kwahiyo tazama meno na nguo nyeupe wakati unavuta. Nyekundu na kijani ziache.

Umefanikiwa kama: weusi wa nywele ni mweusi laini sio kijivu, shati jeupe linaelekea rangi ya maziwa, na ngozi bado ina mafuta yake.

## Hatua ya 6: Rangi moja moja

Joto la rangi ongeza +5 mpaka +8. Sachuresheni (ukolezo wa rangi) ya jumla usiiguse, ingia kwenye ule mchanganyiko wa rangi moja moja, ile alama ya kiduara chenye rangi rangi.

Kijani ndicho kinachosema "simu" kwa sauti kubwa. Mwembe au mgomba uliopigwa na simu unatoka kijani cha plastiki. Sogeza kijani kuelekea njano -20, punguza sachuresheni yake -25. Anga nayo, bluu isogeze kuelekea kijani kidogo -10 na sachuresheni -15. Njano isogeze kuelekea machungwa -8.

Machungwa na nyekundu ndimo ngozi zetu zinamokaa. Machungwa usipunguze sachuresheni hata kidogo, na mwangaza wake shusha -5 tu ili ngozi ishike. Presets (mipangilio iliyotengenezwa tayari) nyingi za kununua zinashusha machungwa na kupandisha mwangaza wake, hizo zimetengenezwa kwa ngozi nyingine, ndio maana ukiziweka dada yako anaonekana mgonjwa.

Kanga nyekundu ikikusumbua kwa kuwaka sana, shusha nyekundu -10 alafu urudi uangalie midomo, midomo ikipauka rudisha nusu.

Kitu kingine: mikanda mingi ya rangi ilitengenezwa kwa mwanga wa jua. Ukipigia ndani chini ya bulbu picha inakuwa ya machungwa, chini ya tyubu inakuwa na kijani. Kwahiyo picha ya ndani usiisahihishe ikawa nyeupe safi, achia kidogo ya hiyo rangi, theluthi hivi. Hapo ndipo picha ya sebuleni inapoanza kufanana na zile za kwenye albamu.

## Hatua ya 7: Mng'ao mwekundu wa taa (picha za usiku tu)

Picha yako kama ni ya mchana ruka hii.

Kwenye mkanda, mwanga mkali unapenya tabaka linalonasa picha, unagonga nyuma na kurudi, na tabaka linaloupokea kwanza ukirudi ni lile la nyekundu. Mikanda ya kawaida ina kizuizi cha kupunguza hilo. 800T ni mkanda wa sinema ulioondolewa tabaka lake jeusi la nyuma, ndio maana taa zake zina duara jekundu.

Hifadhi picha kutoka Lightroom, ifungue Photopea:

1. Nakili leya (tabaka la picha), ufanye kazi kwenye ile nakala.
2. Tumia treshodi (Threshold), weka karibu 235. Vitabaki vitu vyeupe pale penye taa na weusi kila mahali. Kama sura ya mtu imebaki nyeupe pandisha mpaka 245.
3. Weka ukungu wa Gaussian, pikseli 15 mpaka 25 kwa picha ya ukubwa wa kawaida wa simu.
4. Fungua kurvu ya leya hiyo. Kwenye kijani shusha ncha ya kulia mpaka karibu na robo ya chini, kwenye bluu ishushe karibu iguse chini. Weupe unageuka mwekundu wa machungwa.
5. Badilisha hali ya leya iwe skrini (Screen), na uzito wake (Opacity) asilimia 30 hadi 40.

Kwenye hali ya skrini weusi hauna athari, kwahiyo kinachoongezeka ni ule mwekundu tu, na katikati ya taa panabaki peupe kwasababu palikuwa peupe tayari.

Angalizo: mng'ao ukiuona kabla hujaiona taa, umezidisha. Na ukiwa umezunguka shati jeupe, rudi kwenye namba 2.

## Hatua ya 8: Chengachenga

Sasa ndio zamu yake. Wale wa usiku ifungueni tena picha ndani ya Lightroom. Ukiweka chenga mapema, kila ukivuta kurvu baadaye unazivuta nazo, zinageuka mchanga.

Kwenye athari kuna kiasi, ukubwa na ukali wa chenga. Kwa Gold 200 weka kiasi 20, ukubwa 28, ukali 50. Portra 400 tumia namba hizo hizo. Tri-X nenda 40, 35 na 60, usiogope. Kanuni ya jumla, namba ya mkanda (200, 400, 800) ikipanda chenga zinakuwa kubwa, sababu mkanda wa kasi una punje kubwa ili zinase mwanga mdogo.

Zitazame picha ikiwa imekuzwa nusu, sio mpaka mwisho na sio ndogo ya kutoshea skrini. Ikiwa ndogo huzioni unaongeza, ikiwa kubwa sana zinakutisha unapunguza.

Umefanikiwa kama: unaziona kwenye anga na ukutani ukizitafuta, ila ukitazama macho ya mtu unaona macho.

## Hatua ya 9: Madoido, kama lazima

Vinyeti (giza la pembeni mwa picha) -10 mpaka -15, iwe laini. Zaidi ya hapo ni ile mipaka myeusi ya picha za 2012.

Mwanga uliovuja, ule wekundu wa pembeni, msipakue wa mtandaoni maana wote mnatumia ule ule. Tengeneza wako: funika nusu ya lenzi kwa kidole, elekeza kwenye taa kali, piga. Mwanga ukipita kwenye nyama ya kidole unatoka mwekundu wa machungwa na unafifia wenyewe ukingoni. Piga kadhaa ukisogeza kidole, chagua ile ambayo sehemu iliyobaki ni nyeusi. Kisha Snapseed, kifaa cha kuunganisha picha mbili, fungua picha yako, ongeza ile ya kidole, chagua hali ya kuangaza, sogeza wekundu ukae pembeni moja tu. Mwanga unavuja kutoka ukingoni kuja ndani, hauanzi katikati ya picha.

Tarehe ya machungwa pale kona ya chini kulia, sawa, ila iwe ndogo, na mwaka utangulie kwa tarakimu mbili na koma ya juu, mfano '97 12 25. Ukiandika 25/12/1997 umejichoma.

Mikwaruzo na vumbi mimi naona vibaki huko huko. Mkanda uliotunzwa hauna hayo.

## Kwa wanaotaka nyeusi na nyeupe

Usishushe sachuresheni mpaka mwisho (-100), utapata kijivu kitupu. Bonyeza kitufe cha nyeusi na nyeupe kwenye Lightroom alafu ingia kwenye mchanganyiko wa rangi: machungwa +15, nyekundu +8, bluu -30. Ngozi inang'aa, anga inakuwa nzito. Kurvu ni ile ile ya nukta nne, ila ncha ya kushoto inyanyue nusu ya tuliyonyanyua kwenye rangi.

Tafuta picha za studio za N. V. Parekh wa Mombasa uone ngozi nyeusi inavyobebwa na nyeusi na nyeupe, vivuli vizito bila kupoteza sura. Jipime na hizo kabla ya kujipima na filta ya mtu.

## Hatua ya 10: Kuhifadhi na kutuma

Hapa kazi nzuri nyingi inaharibika dakika ya mwisho. Chenga ni vitu vidogo vidogo vingi, na programu za kutuma zinapobana picha zinaanza na hivyo, unabaki na mabaka ya mraba kwenye anga.

WhatsApp tuma kama dokumenti, usitume kama picha. Kwa Instagram hifadhi upana wa pikseli 1080 wewe mwenyewe ili isikupunguzie ukubwa yenyewe. Picha ya wima ya tatu kwa mbili ukitaka ikae ndani ya nne kwa tano, usiikate, iwekee kingo nyeupe kama karatasi ya picha.

Ukipunguza ukubwa, chenga nyembamba zinayeyuka, kwahiyo fungua ile uliyohifadhi, itazame, kama zimepotea rudi upandishe ukubwa wa chenga mpaka 35 na uhifadhi tena. Na ubora wa JPG weka 90 kwenda juu.

Ukiridhika, hifadhi mipangilio kama preset yako, ukiacha nje eksposha na joto la rangi. Hivyo viwili hubadilika kila picha, ukiviweka ndani utaanza kulaumu preset kwa kosa la jua.